Kabla ya Kukata Msaiprasi wa Getini

Kila Desemba barabara ya kutoka Moshi mjini kupanda Kibosho hujaa magari ya watoto wa nyumbani wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Nyumba zilizofungwa miezi kumi na moja hufunguliwa madirisha, ndizi za mbege huchemshwa, mbuzi hufungwa nyuma ya banda. Na katika pilikapilika hizo, nyumba kwa nyumba, linajirudia jambo moja. Mwenye mji anashuka garini, anatazama mstari wa misaiprasi aliyoipanda toka getini hadi barazani, kisha anauliza: hii miti imefanywa nini? Mmoja umekauka ubavu mzima kama uliobabuliwa na moto. Wa pili yake umeanza.

Majibu huwa mengi na huja haraka. Jua la mwaka huu lilikuwa kali. Mafundi walimwaga maji ya saruji pale chini. Jirani ana jicho baya. Mti umezeeka. Jioni anatafutwa kijana mwenye msumeno, na kabla ya mwaka mpya kuingia mti uko chini, umekatwa vipande vya kuni, bila mtu hata mmoja kuchuchumaa akautazama kwa karibu.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Msaiprasi unaokauka haufichi ugonjwa wake. Unauonyesha kwa mahali ulipoanzia kukauka: ndani karibu na shina au kwenye ncha za nje, chini au kileleni, tawi moja au mti mzima, upande wa barabara au upande wa shamba. Rangi ya kahawia ni ileile, lakini mahali pake panatofautiana, na hapo ndipo pa kuanzia. Duka la pembejeo ni la baadaye.

Tuanze na ukahawia usio ugonjwa, maana huo nao umeangusha miti mingi isiyo na kosa. Watu wengi huamini kwamba mti wa kijani mwaka mzima haupukutishi majani. Unapukutisha. Jani la msaiprasi huishi miaka michache, kisha hufa na kuanguka. Tofauti yake na miti mingine ni kwamba hauyaachi yote kwa pamoja. Majani ya zamani yako ndani, karibu na shina, ambako mwanga haufiki tena kwa sababu matawi ya nje yameshonana. Ukipenyeza mkono ndani ya mti ulio mzima utakuta vijitawi vikavu vya rangi ya kutu vinavyovunjika kwa kuguswa tu, na chini yake ardhi imefunikwa takataka laini za majani. Kama ukavu huo uko ndani tu, umesambaa sawasawa mti mzima, miti jirani nayo iko hivyohivyo, na ncha zote za nje ni za kijani kibichi, basi mti hauumwi. Usiukate, usiunyunyizie chochote.

Shida inaanza pale ukavu wa ndani unapotoka nje.

Mti huu ni mgeni kwetu. Wataalamu wanauita Cupressus lusitanica, na kwao ni Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Kilimanjaro ulizoeleka kwanza kama mti wa mbao: mashamba ya serikali ya Kilimanjaro Magharibi na yale ya Rongai, upande wa kaskazini wa mlima, yamepandwa zaidi misaiprasi na misindano. Kwenye vijiji vya kusini kama Kibosho, ambako kihamba, yaani shamba la nyumbani, ni migomba, kahawa na miringaringa, na mpaka wa mji ni masale, msaiprasi uliingia kwa mlango wa urembo. Ulipandwa kanisani, shuleni, makaburini, kandokando ya njia za kuingilia nyumbani. Ukikatwa kwa ufundi unatoa ukuta ulionyooka. Ukiachwa unapanda juu na kufaa kupambwa taa za Krismasi. Wengi wetu tumeujua kwa jina la mti wa Krismasi kabla ya kujua jina lake jingine lolote.

Mgeni huyu aliishi Afrika Mashariki miongo mingi bila adui wa kumtisha. Kisha mwaka 1986 wataalamu wa misitu nchini Malawi waliona miti ya jamii hii ikikauka kwa namna wasiyoizoea. Aliyekuwa akiiua ni kidukari, mdudu wa jamii ya wale ambao wakulima huwaita wadudu mafuta wanapowakuta kwenye kunde na pamba. Kabla muongo ule haujaisha alikuwa ameshaingia Tanzania, na mwaka 1990 alikuwa Kenya, ambako misaiprasi ilikuwa mashamba makubwa ya mbao na pia ua wa maelfu ya maboma ya nyanda za juu. Makadirio ya wakati ule yalisema miti iliyokufa mashariki na kusini mwa Afrika ilikuwa na thamani ya dola za Marekani milioni 27 na zaidi. Hapo hujahesabu mbao ambazo miti iliyobaki ilishindwa kuzitengeneza kwa sababu ilikuwa inanyonywa.

Mwanzoni alidhaniwa kuwa ni Cinara cupressi, kidukari aliyejulikana Ulaya. Mwaka 1999 watafiti waliomchunguza kwa makini walimpa jina lake, Cinara cupressivora, wakaeleza kuwa asili yake ni ukanda wa kutoka mashariki ya Ugiriki hadi kusini mwa Bahari ya Kaspi. Kwa hiyo mti wa Mexico ulikutana na mdudu wa Mashariki ya Kati kwenye udongo wa Afrika, na hakuna aliyemzoea mwenzake. Mdudu alikuta chakula kisicho na kinga, tena bila maadui waliomzuia kwao. Wala hakuchagua miti ya kigeni peke yake. Huko Malawi aliushambulia mwerezi wa Mlima Mulanje, ambao ni mti wa taifa la nchi ile, na hapa kwetu anaushambulia hata mtarakwa wa asili, ule unaoota kwenye misitu mikavu ya kaskazini mwa Kilimanjaro.

Miaka zaidi ya thelathini imepita, na naona tumemsahau. Kijana anayejenga Kibosho leo anapanda misaiprasi ishirini kwa mkupuo, imebanana, bila mtu kumwambia kwamba mti huu una adui anayejulikana kwa jina.

Basi tumtazame. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, shika tawi ambalo bado ni la kijani lakini limeanza kufifia, lile lililo ndani kidogo, kwenye kivuli, usawa wa kifua au chini zaidi. Weka karatasi chini yake, kisha lipige tawi kwa mkono mara moja kwa nguvu. Kama kidukari yupo, utaona vitu vya rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu vikianguka na kuanza kutembea kwa miguu mirefu kuliko ulivyotegemea. Ukubwa wake ni milimita mbili hadi nne hivi, kwa hiyo huhitaji kioo cha kukuzia. Sasa pandisha macho kwenye kijiti chenyewe. Wamejipanga juu ya gome, hawakai kwenye majani kama wale wa kunde, na rangi yao inafanana na gome kiasi kwamba unaweza kuwagusa kabla hujawaona. Wengine wana vumbi jeupe mgongoni kama unga. Vidole vyako vitanata.

Kunata huko ni ushahidi. Kidukari hunyonya utomvu mwingi kuliko anaouhitaji, na ziada huitoa nyuma ikiwa maji matamu. Maji hayo huangukia matawi ya chini, huota ukungu mweusi unaofanana na masizi, na huwaita sisimizi. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina la msaiprasi kwa msururu, hawakuja kutembea. Kuna kitu kitamu juu.

Kinachoua mti si kunyonywa peke yake. Mate anayoyaingiza mdudu yana sumu kwa mti, na kijitawi kilichochomwa huanza kufa kutoka pale kilipochomwa kwenda nje. Ndiyo maana ukavu wa kidukari huanzia ndani na chini, unapanda, unatokeza nje kwa mabaka, halafu mabaka yanaungana. Majike huzaa bila dume, tena huzaa watoto walio hai badala ya mayai, na kundi dogo lililoanza mwezi wa sita linaweza kuwa limejaa mti kabla ya mwezi wa nane kwisha.

Majira ndiyo yanayotuchanganya kuliko kitu kingine. Kidukari huyu hustawi kwenye baridi kavu, yaani Juni hadi Septemba, wakati mawingu yanapolala Kibosho siku nzima na mvua za masika zimekata. Mvua kubwa humpunguza. Tawi nalo halikauki siku linaponyonywa. Rangi hubadilika wiki na miezi baadaye. Kwa hiyo anayekuja Desemba, baada ya mvua za vuli, anakuta kahawia tupu na mdudu hayupo, au wamebaki wachache wasioonekana kwa haraka. Anahitimisha kwamba hakuna mdudu. Hapo ndipo lawama zinapoangukia saruji na jirani.

Kwenye mji mmoja wa Kibosho Kati nilimsikia kijana akimuuliza mama yake miti ilianza kukauka lini. "Tangu baridi, baba," mama akamjibu. "Sisimizi walijaa pale mpaka nikamwaga majivu." Kijana aliendelea kulaumu mafundi. Kumbe jibu lote lilikuwa limeshatolewa, na lilitolewa na mtu pekee aliyekuwepo wakati jambo linatokea. Mtu wa kuulizwa kwanza kuhusu mti ni yule anayekaa nao, na swali lenyewe ni mwezi gani na upande gani.

Si kila ukavu ni wa kidukari, na hapa mahali pa kuanzia panasaidia sana. Kama tawi moja limekauka lote, kutoka shinani hadi ncha, huku matawi ya juu na ya chini yake ni ya kijani kabisa, fuata tawi hilo kwa macho mpaka linapoungana na sehemu iliyo hai. Tafuta gome lililobonyea au kupasuka, lenye utomvu mzito uliochuruzika na kuganda. Huo ni ugonjwa wa kuvu unaoitwa donda la msaiprasi, na unaingia kupitia majeraha: panga butu, waya uliofungwa ukasahauliwa, tawi lililovunjwa na upepo. Historia yake ni nzito. Kenya walianza na aina nyingine ya mti huu, Cupressus macrocarpa wa California, na donda hilohilo likawalazimisha kuachana nao katika mashamba ya mbao. Huu wetu wa Mexico ulipendelewa kwa sababu ulistahimili donda vizuri zaidi, halafu yakaja ya kidukari. Tiba ya donda ni kukata tawi chini kabisa ya sehemu iliyoathirika, siku kavu, kwa msumeno uliofutwa kwa spiriti kabla ya kuhamia mti wa pili. Tawi lililokatwa lichomwe. Lisiachwe chini ya ua.

Mti wote ukipauka kwa pamoja, kileleni na chini, ndani na nje, acha kutazama majani. Tatizo liko kwenye mizizi au kwenye shina karibu na ardhi. Futua udongo kidogo, chokonoa gome la chini kwa kisu. Ukikuta chini ya gome tabaka jeupe la kuvu lenye harufu ya uyoga, hiyo ni Armillaria, kuvu anayebaki kwenye visiki na mizizi ya miti ya zamani iliyokatwa na kuhamia mti uliopandwa juu yake. Kwenye vihamba ambako mringaringa wa babu ulikatwa ili nyumba ipate nafasi, jambo hili lafaa kukumbukwa kabla ya kupanda chochote pale. Usipoona kuvu, tazama kilichobadilika juu ya ardhi. Uwanja uliomwagiwa zege au kutandazwa vitofali hadi kwenye shina unaizuia mizizi kupata hewa na maji. Kifusi cha ujenzi kilichorundikwa kwenye shina hufanya vivyo hivyo. Mfongo, yaani mfereji wa maji ya shamba, ukihamishwa unaweza kuukausha mti uliozoea maji, na mfongo uliovunja kingo ukatuama pale unaweza kuuozesha. Dawa ya magugu iliyopulizwa kandokando ya njia hukausha upande mmoja tu, ule uliopigwa, na mara nyingi nyasi za chini zimekufa kwa mstari ulionyooka unaokuonyesha pampu ilikopita.

Na kuna mikono yetu wenyewe. Msaiprasi hauchipui kutoka kwenye tawi la zamani lisilo na majani. Mgrevilea ukiukata matawi yote unarudi, na wakulima wa Kilimanjaro wanaukata hivyo miaka yote kwa ajili ya kuni na mwanga wa kahawa. Msaiprasi hausamehe namna hiyo. Fundi wa bustani akipunguza ua kwa hasira mpaka akafika kwenye ile sehemu kavu ya ndani, pale patabaki kahawia milele. Kata kidogo, kata mara kwa mara, na daima acha kijani kwenye kila tawi unaloligusa.

Kuna jaribio moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya kabla ya kuita msumeno. Kwaruza gome la kijiti kinachoonekana kikavu kwa ukucha. Chini yake pakiwa kijani na pamelowa, kijiti kipo hai na mti una la kusema bado. Pakiwa kahawia kavu, rudi nyuma kuelekea shinani, kwaruza tena, mpaka ukutane na uhai au ufike kwenye shina lenyewe. Ukizunguka mti mzima ukakuta zaidi ya nusu umekufa, nisingekushauri kuusubiri. Hautarudisha umbo, na utakuwa chakula cha mchwa karibu na nyumba.

Kama ni kidukari na mti bado una kijani cha kutosha, usikimbilie sumu kali. Kwa ua unaofikika, bomba la maji yenye nguvu linaloelekezwa ndani ya matawi huangusha wengi, na maji ya sabuni laini huua yanapomgusa mdudu mwenyewe, ingawa yakishakauka hayana kazi. Hili lirudiwe, na lifanywe Julai, wakati kundi bado ni dogo. Wapo wanaopenda dawa zinazoingia mwilini mwa mti. Zinafanya kazi, lakini Kibosho si uwanja wa gofu: chini ya msaiprasi kuna kahawa, migomba, mizinga ya nyuki, na mfongo unaopeleka maji kwa jirani wa chini. Atakayetumia kiuatilifu ahakikishe kimesajiliwa nchini, asome kibandiko, apime kipimo kilichoandikwa, asipige wakati nyuki wapo kazini wala karibu na maji. Dawa iliyopigwa Desemba kwenye tawi lililokufa Agosti ni fedha iliyomwagwa.

Wapo pia wasaidizi ambao sumu huwaua kwanza. Mbawakavu wadogo wekundu wenye madoa meusi, pamoja na mabuu yao, hula vidukari mchana kutwa. Na katika miaka ya 1990 wanasayansi waliokuwa wakitafuta ufumbuzi wa kudumu walileta kutoka Ulaya nyigu mdogo sana, Pauesia juniperorum, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari. Buu wake hukulia humo na kumla mwenyeji wake. Aliachiliwa kwanza Malawi mwaka 1994. Ukiona kidukari aliyevimba, amekauka na kubaki ganda la kahawia lililoshikamana na kijiti, lenye tundu dogo la duara, ujue nyigu wa namna hiyo amepita. Tawi la namna hiyo liache.

Na anayepanda upya asipange mstari mzima wa mti mmoja. Changanya. Masale yapo, tena yana heshima yake kwa Wachagga kuliko mti wowote wa kuletwa, na ua wa masale hauhitaji pampu. Mringaringa unatoa kivuli na mbao. Anayeupenda msaiprasi aupande, ila kwa nafasi pana, ili hewa na mwanga vipenye na aweze kuzunguka kila mti kwa miguu.

Anayetaka uhakika apeleke sampuli kwa afisa kilimo wa kata, naye akikwama, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao yake Ngaramtoni, Arusha, safari ya siku moja kutoka Kibosho kwenda na kurudi. Sampuli nzuri ni tawi lenye sehemu zote mbili, ya kijani na ya kahawia, maana mpaka kati ya hizo ndipo ugonjwa ulipo kazini. Lifungwe kwenye gazeti, lisitiwe kwenye mfuko wa nailoni linakotoa jasho na kuoza njiani. Piga picha ya mti mzima kwa simu, pande zote nne, na picha ya shina linapoingia ardhini. Andika mwezi ukavu ulipoonekana mara ya kwanza na upande ulioanza, pamoja na kila kilichopulizwa, kilichojengwa au kilichochimbwa karibu na mti tangu masika. Kama huijui tarehe, mpigie simu mama.